Debe Zima la Michembe

Wenzangu wa sokoni, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza kwa zamu, na kila anayeuliza anataka nianze mwanzo. Wengine mnauliza huku mmeshika sweta langu, mkijifanya wateja. Sasa naandika mara moja. Msomeane, halafu mniache niuze.

Jambo lenyewe mnalijua nusu. Mdogo wangu Masanja alikuwa karani wa kituo cha kununulia pamba hadi soko huria lilipokuja, kituo kikafungwa, mizani ikabaki inapima vumbi. Akasema anakwenda Muleba kununua ndizi, azilete Mwanza, atarudi baada ya wiki. Ndizi hazikuja. Masanja hakuja. Mwaka ukapita, tukabaki kuletewa habari na wachuuzi: yuko kwa bibi mmoja wa Kihaya, analima migomba, halipwi, na anacheka.

Hilo la kucheka ndilo lililomuudhi Baba Mkubwa. Baba Mkubwa ni kaka wa marehemu baba yetu, na ndiye mwenye sauti. Alikuwa amemtafutia Masanja kazi ya karani wa mizani katika kiwanda kipya cha minofu ya sangara, kazi ya kuvaa shati jeupe na kusema "ngoja kidogo" kwa watu wazima. Lakini Jumatatu asubuhi asipoonekana getini, nafasi anapewa mwingine. Lazima mtu aende kumleta. Nikachaguliwa mimi, kwa sababu ukoo mzima unaamini kwamba Kabula anaweza kumwuzia mvuvi samaki.

Pasiansi hadi Kigongo: mizigo mitatu

Niliondoka nyumbani Pasiansi Jumanne alfajiri na mizigo mitatu. Wa kwanza ulikuwa masweta ya mitumba, kwa sababu niliambiwa upande ule kuna baridi, na mimi sisafiri bure hata kwa ajili ya ndugu. Wa pili ni shati jeupe la Masanja la kuanzia kazi, nililolichagua mwenyewe kabla robota halijamwagwa mezani. Wa tatu ulikuwa wa Mama: debe zima la michembe ndani ya mfuko wa salfeti, mdomo umefungwa kwa kipande cha kanga yake kuukuu.

Kwa mnaotoka mbali na Usukuma, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Ukiviweka darini vinakaa hadi mvua nyingine. Ni chakula cha kungojea.

"Mama," nikamwambia, "mtu mwenyewe anarudi Jumapili. Michembe yote hii ataila saa ngapi?"

"Wewe beba."

"Basi nipunguze, nibebe nusu."

"Kabula, mimi siyo mteja wako. Beba."

Nikahesabu mizigo, nikairudia. Huwa nahesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza najidanganya. Mitatu. Nikabeba, nikisema moyoni kwamba mama akizeeka hajui tena vipimo.

Basi lilikwenda vizuri hadi Usagara, pale njia zinapoachana. Hapo tukakaa kwa sababu dereva ana shemeji yake pale. Kondakta alitangaza kwamba injini inapumzika. Injini ikapumzika hadi shemeji alipomaliza kupika, na tukamwona dereva kupitia dirishani akinawa mikono mara ya pili. Nilinunua mahindi ya kuchemsha nikayala polepole, nikimtazama kwa uso wa mtu aliyelipa nauli. Hakugeuka. Dereva mzoefu anaujua uso huo, ndiyo maana hageuki upande wa basi.

Kivukoni: ng'ombe za watu

Basi lile lilikuwa linaishia Kigongo. Kivuko kilikuwa ng'ambo, Busisi, tunakiona kwa macho kama kimechorwa. Mmoja alisema kamba imekatika, mwingine mafuta yameisha, wa tatu akasema nahodha amekwenda kutoa posa. Nikanunua sato wa kukaanga, nikakaa juu ya michembe.

Mbele yangu kwenye foleni walikuwepo ng'ombe. Mjue, sisi wa sokoni tukiona foleni tunataka kujua tuko wapi. Nikaanza kuwahesabu, kwa kidole na kwa sauti. Nilikuwa mzunguko wa pili fimbo ilipogonga chini karibu na mguu wangu.

"Mayu! Unafanya nini?"

Alikuwa mzee mrefu, kajifunga shuka, kofia ya sufi kichwani, ananiita mama kwa Kisukuma. Nikasimama. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimekuuliza. Ng'ombe za watu unazihesabu kwa mdomo? Baba yako hakukufundisha?"

Nikaona aibu, kwa sababu baba alinifundisha. Ng'ombe wa mtu, na watoto wa mtu, huwataji kwa idadi mbele ya mwenyewe. Ni kama kumwambia mauti aje achukue chake. Sisi wa mjini tumehesabu suruali hadi tumesahau.

"Nisamehe baba. Mjini tunahesabu kila kitu."

"Na hicho unachokalia umekihesabu?"

"Michembe. Ya mdogo wangu, yuko Muleba. Nakwenda kumleta."

"Amepotea?"

"Hapana, alipo panajulikana."

"Anaumwa?"

"Hapana baba."

"Amefungwa?"

"Hapana! Yuko anacheka tu."

Mzee akanitazama, akawatazama ng'ombe wake, akanitazama tena. "Sasa unamfuata nini?"

Nikaeleza habari ya kiwanda, shati jeupe, Baba Mkubwa. Nilieleza vizuri, hata mimi nilijisikia nimeeleza vizuri. Mzee alinyoosha mkono. Nikajua anataka fidia ya ng'ombe wake, nikafungua kile kipande cha kanga nikampa konzi ya michembe. Akaitia mfukoni, akasema, "Aliyefungasha hii anajua kukausha." Kisha akaenda zake kuwaingiza ng'ombe kwenye kivuko, ambacho kilikuwa kimefika tukibishana. Wakaingia wote kabla yetu. Wangapi, siwaambii.

Busisi hadi Geita: juu ya chumvi

Kule Busisi nilipata lori la chumvi linalokwenda Geita. Utingo, kijana mwenye kofia ya pamba, akataka kunitoza michembe kama abiria wa pili.

"Huu mfuko hauna miguu," nikamwambia.

"Lakini una makalio. Ona nafasi ilivyochukua."

"Basi nitaukalia. Hapo tumeshakuwa abiria mmoja."

Akafikiri, akacheka, akanivuta juu. Nikasafiri hivyo, mimi juu ya michembe, michembe juu ya chumvi, chumvi juu ya mashimo ya barabara. Kabla hatujafika Sengerema nilikuwa nimemsamehe dereva wa basi na shemeji yake. Vumbi liliingia hadi kwenye mawazo.

Geita ilikuwa imejaa wachimbaji wa dhahabu wenye njaa, na penye njaa mimi napumua vizuri. Nikafungua masweta. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba mchimbaji mmoja aliniuliza kama nina homa. Sikuuza hata moja. Lakini mama aliyekuwa na kibanda cha chakula, mwanamke mnene mwenye macho kama yangu, hakuyatazama masweta. Alikuwa anautazama ule mfuko.

"Michembe hiyo, dada?"

"Si ya kuuza."

"Kila kitu siku hizi ni ruksa." Akataja bei.

Wenzangu, nyinyi mnanifahamu. Nilikataa kwa mdomo, macho yakakubali, naye akayaona macho, akaongeza. Ilikuwa bei nzuri. Nikawaza: mtu anarudi Jumapili, nitamnunulia mkate njiani, Mama hatajua. Nilikuwa nimeshainama kufungua. Lakini kile kipande cha kanga, nilipokifungua kwa ajili ya mzee, nilikifunga tena vibaya, kwa fundo langu. Nikakaa nakitazama. Ni ile kanga ambayo Mama alitubebea mgongoni, mimi kwanza, halafu Masanja. Niliijua kwa kingo zake.

"Nimesema si ya kuuza," nikamwambia yule mama, kwa ukali ambao hakustahili. Akaniuzia wali na maharage kwa bei ya mgeni, na mimi nikailipa. Ndiyo siku pekee mwaka huu niliyolipa bei ya kwanza.

Biharamulo: masweta yanapata maana

Toka Geita nilipata basi. Biharamulo magari yalikuwa yanasubiriana ili yapite msituni kwa msafara, kwa sababu ya wanyang'anyi. Tukasubiri hadi abiria tukaanza kujuana kama ndugu wa harusi moja. Mwalimu mmoja wa Kihaya alinigawia ndizi mbivu na kunisahihisha Kiswahili kwa wakati mmoja. Asubuhi mvua ikashuka, upepo ukapita kwenye dirisha lisilo na kioo, na mwalimu huyo akaanza kutetemeka. Nikamwuzia sweta. Alitaka kulipia nusu kwa sababu ya ndizi. Nikamkumbusha kwamba ndizi alinipa kabla ya mvua.

Kwa Bibi Kokugonza: bei ya karibu

Alhamisi mchana nikashuka karibu na Muleba, nikafuata njia katikati ya migomba hadi uani kwa Bibi Kokugonza. Bibi ni mfupi, ameinama kidogo, sauti yake imesimama wima. Anaishi na wajukuu, watoto wa wanawe wawili waliokufa mmoja baada ya mwingine, kama ilivyokuwa nyumba nyingi za huko. Wajukuu sikuwahesabu. Nilikuwa nimejifunza.

Alinikalisha, akamtuma mjukuu shambani amwite Masanja, akaniletea kikapu kidogo kilichotandikwa jani la mgomba, ndani yake kahawa kavu, punje zenye maganda yake.

Sasa, mwaka ule wanunuzi wa kahawa wa watu binafsi walikuwa wamezagaa kila njia. Nikafikiri bibi ameniona na mizigo, akadhani na mimi ni mmoja wao, kaniletea sampuli. Nikachukua punje moja, nikaiuma, nikaigeuza juani.

"Imekaushwa vizuri, bibi," nikasema, "lakini punje ni ndogo. Kwa debe nitakupa..." Nikataja bei, tena ya chini, ili tuwe na pa kupandia.

Kisha nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Masanja alikuwa amesimama pale na panga, ameziba uso kwa kiganja.

"Dada," akasema, "hiyo ni ya kutafuna. Ndiyo karibu yao. Mgeni anapewa anatafuna."

Bibi Kokugonza aliinama, nikadhani analia. Alikuwa anacheka hadi anashika goti. "Waitu! Mgeni ananunua salamu yangu! Masanja, mwambie dada yako salamu si ndogo, aongeze kidogo!"

Hadi jioni kila jirani aliyepita alielezwa, na kila aliyeelezwa aliniuliza salamu zake nazinunua kwa kilo au kwa debe.

Nilipopata nafasi nilimwuliza Masanja mwenyewe kilichomweka pale. Bibi akamjibia.

"Huyu Msukuma wenu alikuja kununua ndizi akaanguka homa. Nikamtibu. Alipopata nguvu akasema atanilipa kwa kazi. Nikamwambia sawa, safisha kibanja kile cha migomba cha marehemu mwanangu, kimekuwa pori, na shemeji zangu wanasema ardhi isiyo na mkono wa mtu iuzwe. Mimi nikaenda kanisani. Kurudi naona moshi."

Masanja akatazama miguu yake.

"Aling'oa visiki vyote," Bibi akaendelea. "Na machipukizi yake! Akakusanya na majani, akatia moto. Akasimama hapo anajisifu."

Mimi nilielewa kabla hajamaliza, na nyinyi wenye mashamba ya pamba mmeelewa. Kwetu, msimu ukiisha, masalia ya pamba yanang'olewa na kuchomwa, usipochoma unapigwa faini. Masanja alifanya kama mkulima mwema. Ila mgomba hauna msimu. Kisiki ndicho mama, na majani unayotupa ndiyo blanketi lake.

"Nikaona siwezi kuondoka," Masanja akasema. "Nimewachomea watoto urithi wao. Nikasema nipande upya, ikizaa nitakwenda. Wakati naingojea, jumuiya ya kanisa ikaniita. Wao kila asubuhi, baada ya sala, wanaingia shamba la yatima mmoja, kesho la mwingine. Ile yangu imeshaanza kuzaa, dada. Lakini yapo mashamba ya wengine."

"Wanakulipa nini?"

"Chakula."

"Na?"

Akacheka, kicheko kile cha kumuudhi Baba Mkubwa. "Nilimwomba Mungu kazi, dada. Nikasahau kumtajia mshahara."

Shati jeupe

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku tatu njiani. Nilikuwa na hoja ya Mama, hoja ya uzee, hoja ya kuoa, na akiba ya machozi kidogo. Nikalitoa shati, nikalikunjua juu ya mkeka. Nikaanza na kiwanda, kama mnavyojua mteja huonyeshwa kwanza bidhaa.

"Jumatatu asubuhi uwe getini," nikamaliza. "Kesho tunaondoka."

"Sawa, dada," akasema Masanja.

Nikangoja. "Sawa nini?"

"Nitakuja. Wewe ndiye mkubwa wangu. Ukisema twende, twende."

"Na yatima? Na jumuiya?"

"Kazi siyo yangu. Mwenye nayo ataleta mtu mwingine, labda asiyechoma." Alisema bila kinyongo, akiendelea kumenya ndizi za usiku, maganda yanaanguka mamoja mamoja.

Wenzangu, mteja akikubali bei ya kwanza, wewe muuzaji unafanya nini? Unaanza kuitilia shaka bidhaa yako. Ningependa abishane. Angebishana ningemshinda, tungekuwa tumerudi naye. Sikuwa na pa kushika. Nililala nimelishikilia shati lile utafikiri limeibwa.

Ijumaa asubuhi alilivaa. Lilimkaa! Macho yangu hayakosei mabega ya mtu. Bibi Kokugonza alimzunguka, akamgusa kola, akasema amependeza, kisha akaingia ndani na hakutoka. Wajukuu walikaa mlangoni kimya, na watoto wale hawajui kukaa kimya.

Upepo wa mvua ya usiku ulikuwa umepita kibanjani. Tulipokuwa tunafunga mizigo tukasikia kitu kinavunjika polepole. Mgomba mmoja, wenye mkungu mzito, ulikuwa unaelemea upande. Masanja aliinuka. Sidhani alifikiri. Alikimbia, akauweka begani, akaushikilia kwa kifua, akaita watoto walete mti wa kuegemeza, na huku jani lililochanika linamdondoshea utomvu mgongoni, mikononi, kwenye kola. Walipoleta nguzo aliisimika, akaikanyagia udongo kwa mguu, akaupapasa mgomba kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Alikuwa anauambia kitu. Sikukisikia, na hakikuwa changu.

Kisha akajiona. Akaja kwangu ameinua mikono kama mtoto aliyeingia matopeni.

"Nisamehe, dada. Nitalifua upesi."

Miaka yangu yote ni nguo. Damu inatoka, mafuta yanatoka, hata kutu ina dawa yake. Utomvu wa mgomba hautoki. Unadondoka mweupe, kesho mweusi, na unakaa hadi nguo ichanike. Lakini nawaambia ukweli, ningeweza kumnunulia shati jingine Geita. Mashati hayajaisha duniani. Nililitazama lile kwa sababu nilikuwa natafuta pa kutazama.

Kichwani mwangu yule mzee wa kivukoni akagonga fimbo: sasa unamfuata nini?

"Kaa nalo," nikamwambia Masanja.

"Shati?"

"Shati. Na hayo mengine. Mimi nguo yenye utomvu siuzi."

Akashusha mikono. "Baba Mkubwa je?"

"Baba Mkubwa niachie. Kwani mimi najua kazi gani nyingine zaidi ya maneno?"

Akaubeba mfuko wa michembe akaupeleka ndani, na nikamsikia Bibi Kokugonza huko ndani akipiga kelele kama aliyechomewa shamba tena, ila safari hii za furaha. Masweta nayo yalibaki. Msiniulize kwa bei gani. Bibi alinilipa kikapu cha salamu, na tulikubaliana kwamba salamu zimepanda bei.

Kurudi, na hesabu ya Mama

Njia ya kurudi ilikuwa ileile, mashimo yaleyale, mzigo mmoja tu, nao ni kikapu. Nilikuwa nikinyoosha mkono kuuhesabu, nacheka peke yangu. Kivukoni niliwatafuta ng'ombe, hawakuwepo. Usagara injini ilipumzika tena, nikampa dereva salamu ampelekee shemeji yake.

Baba Mkubwa hajanisalimia hadi leo. Nafasi alipewa kijana wa jirani yetu, na nasikia anasema "ngoja kidogo" vizuri sana.

Mama nilimkuta Jumapili jioni uani Pasiansi, anachambua choroko kwenye ungo. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumweleza kwamba mtoto wake hakuja.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Michembe imefika?"

"Imefika."

"Yote?"

"Kasoro konzi moja. Alikula mzee wa ng'ombe."

"Si neno." Akaendelea kuchambua.

Nikakaa chini. "Mama, hujaniuliza habari za Masanja."

Akapuliza makapi, akaweka ungo pembeni. "Kabula, wewe unahesabu kila kitu mara mbili. Debe zima la michembe. Ulidhani nimemfungashia mtu wa kurudi Jumapili?"

Nikatazama mikono yake. "Sasa mbona hukuniambia, Mama? Nimekwenda kote kule."

"Ningekuambia, ungekwenda?" Akauvuta ungo wake. "Na michembe ingefikaje?"